Vyumba Sita vya Bi Warda

Mwaka aliotimiza miaka sitini na mbili, Bi Warda binti Fakihi alikuwa na nyumba ya vyumba sita pale Kilwa Masoko, na vitano kati ya hivyo vilikuwa vimefungwa. Marehemu mumewe, Mzee Suleiman, aliyekuwa akinunua na kuuza ufuta, aliijenga nyumba hiyo kidogo kidogo, akiongeza chumba kila msimu ulipomwendea vizuri. Kulikuwa na chumba cha watoto wa kiume, cha binti yao, cha wageni, cha magunia. Watoto walikua, wakaondoka. Wawili wako Dar es Salaam na wanapiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Wa tatu, Saida, alikwenda Uswidi kusomea mambo ya bahari, akaolewa huko huko na kijana wa Kiswidi, Jonas, aliyesilimu na kuitwa Yunus.

Si kwamba Bi Warda hakuzoea watu. Kazi yake ni upishi wa shughuli, na kuanzia Masoko hadi Kivinje hakuna harusi ya maana iliyopita bila masufuria yake. Watu wa Kilwa Kisiwani walikuwa wakimvusha yeye na vyombo vyake kwa mashua mbili. Jumamosi utamkuta amejifunga kanga kiunoni, mwiko mkubwa mkononi, anaamuru wanawake ishirini: wewe vitunguu, wewe nazi, wewe punguza moto huo. Jumapili anarudi nyumbani, anapima kikombe kimoja cha mchele, anapika, anakula nusu, nusu nyingine anawamwagia kuku wa jirani. Ukimuuliza, anasema anapumzika.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Mzee Suleiman alikuwa na mke wa pili, jina lake Binti, aliyekaa Sudi, kusini ya Lindi. Kwa miaka ishirini na mitano wake hao wawili waliishi kwa heshima ya mbali, kila mmoja na nyumba yake na zamu yake, salamu zikipitia kwa mume. Mzee alifariki Sudi, nyumbani kwa Binti, kabla ya mapambazuko ya siku ya Jumanne. Simu ilimfikia Bi Warda saa tano ya mchana. Kutoka Masoko hadi Sudi ni safari ya nusu siku. Alipofika, mume aliyezaa naye watoto watatu alikuwa ameshazikwa, na wanaume waliotoka makaburini walikuwa wakinawa miguu. Alikaa msibani siku tatu, akarudi kukalia eda nyumbani kwake. Alirudi na swali moja, akaishi nalo miaka minne: kwa nini walichelewa kunipigia?

Saida alipojifungua mtoto wake wa kwanza, wakamwita Suleiman, alimwomba mama yake aende akakae nao. Yunus alihangaika na karatasi za ubalozini mpaka kibali cha miezi tisa kikatoka. Bi Warda aliwaachia vyombo wanawake aliowafundisha kazi, akafunga na kile chumba cha sita, akaondoka mwezi wa nne, baada ya Idd.

Alitarajia ghorofa. Alichokikuta ni kama mtaa: nyumba za mbao ishirini na nane zimezunguka uwanja wa nyasi, na katikati jumba kubwa la wote. Magari yaliachwa nje kabisa, tena yalikuwa manne tu kwa watu themanini, na anayetaka kwenda mjini anaandika jina lake. Juu ya mapaa kulikuwa na sola. Takataka zilitengwa katika mapipa saba, na Bi Warda alichukua wiki mbili kujua ganda la yai linakwenda pipa gani. Choo nacho kilikuwa na matundu mawili, la mbele kwa haja ndogo na la nyuma kwa haja kubwa, kwa sababu mkojo ulikusanywa ndani ya tangi na kupelekwa mashambani.

"Wanamwagilia mboga?" aliuliza siku ya kwanza.

"Wanamwagilia ngano, Mama," Saida alisema. "Mkojo unakaa kwanza miezi sita."

"Na mkate wa asubuhi ulitokana na ngano hiyo?"

"Ndiyo, Mama."

Bi Warda aliutazama mkate uliobaki kwenye sahani, akaumaliza.

Wakazi walikuwa wa kila umri, kuanzia watoto wa mikononi mpaka wazee wa miaka tisini, na alidhani ni ukoo mmoja. Saida akamweleza kwamba hapana, wengi hawakuwa hata na mjomba mmoja wa kuwaunganisha. Miaka thelathini iliyopita watu wachache walichoka kuishi kila mtu na mlango wake, wakatafutana, wakakaa vikao miaka minne, wakapata kiwanja wakajenga.

"Walikaa vikao miaka minne ili wapate majirani," Bi Warda alisema, akihakikisha kwamba amesikia vizuri.

"Ndiyo."

Jioni hiyo alikumbuka funguo zake tano zilizoning'inia kwenye msumari kule Masoko, na kwa mara ya kwanza akaona haya kidogo.

Wiki za mwanzo alimlea mjukuu na kumkanda binti yake kwa maji ya moto, na ilikuwa furaha tupu. Kisha Saida akapata nguvu, Yunus akachukua likizo ya kukaa na mtoto kama wanaume wa kule wanavyofanya, na Bi Warda akabaki mikono mitupu. Siku nne kwa juma watu wote walikula pamoja katika jumba lile. Ukutani kulikuwa na ubao wa zamu: kila mtu mzima hupika mara moja katika wiki tano, wawili wawili, sahani sitini. Jina la mwalimu lilikuwepo, la daktari lilikuwepo, la mzee asiyeona vizuri lilikuwepo. La Bi Warda halikuwepo. Alikuwa mgeni. Kila jioni aliwekewa kiti kizuri karibu na dirisha, akaletewa chakula, na kila jioni alikula wali ulioiva ukawa uji.

Mwezi wa sita alishindwa kuvumilia.

"Waambie jina langu liandikwe," alimwambia Saida.

"Mama, umekuja kupumzika."

"Nimepumzika Masoko miaka minne. Hapa nimekuja kukaa."

Ombi lake likapelekwa kwenye mkutano wa mwezi. Bi Warda alikwenda kusikiliza, Saida akimtafsiria sikioni. Watu thelathini walikaa duara. Mmoja akisema, wengine wananyamaza mpaka amalize, kisha wananyamaza tena kidogo, kana kwamba maneno yanahitaji muda wa kupoa. Kabla ya zamu yake walijadili kwa saa nzima kama mti wa mbele ya karakana ukatwe au usikatwe, wasielewane, wakauacha mpaka mwezi ujao. Bi Warda alisema moyoni kwamba harusi ya Kisiwani ingekuwa imeshaliwa na vyombo vimeoshwa.

Ilipofika zamu yake, mzee mmoja mrefu aitwaye Lennart, msimamizi wa jiko, alisema hana ubaya na mama huyo, ila jiko lina mitambo, mgeni hawezi kusoma maandishi, na akiungua nani atajibu? Wengine wakaitikia kwa vichwa. Ndipo akanyoosha mkono bibi mmoja mwembamba, Kerstin, mwenye miaka themanini na miwili, aliyekuwa akigawa barua kwa baiskeli zamani zake. Alisema maneno machache tu.

"Anasema mikono yake inatetemeka, na mwenzake wa zamu amehama," Saida alinong'ona. "Anasema yeye atasoma, wewe utanyanyua."

Ombi likapita.

Siku ya zamu yao Bi Warda aliingia jikoni saa nane mchana. Nazi hakuna, lakini kulikuwa na tui la kopo. Alilionja, akakunja uso, akaongeza makopo mawili. Alipika wali wa nazi, maharage ya nazi na mchicha wa kule unaoota porini, kwa sababu siku hiyo haikuwa siku ya nyama. Kerstin alimsomea majina ya mitambo kwa kunyoosha kidole, akahesabu sahani, akakaa juu ya stuli akimtazama mwanamke yule akipima chumvi kwa kiganja na kusikiliza sufuria kwa sikio. Wali ulipoiva, ukoko ulibaki chini, na Lennart akaja na mwiko wa chuma kuukwangua autupe. Bi Warda alimzuia mkono. Akavunja kipande cha ukoko, akakipaka maharage, akampa. Lennart alitafuna kwa muda. Kisha akaketi pale pale jikoni akala kingine, na watoto walipoona wakapanga foleni.

Kuanzia hapo Bi Warda na Kerstin wakawa wawili. Hawakuwa na lugha moja. Kerstin alijua "asante", "chumvi" na "bado"; Bi Warda alijua maneno kama kumi ya Kiswidi, yote ya jikoni. Walikaa katika nyumba ya vioo ya kuoteshea mboga, mmoja akichambua maharage, mwingine akipanga mbegu, na saa mbili zikapita bila neno. Bi Warda alimwambia Saida kwamba hajapata kuwa na shoga asiyemchosha namna ile.

Si kila kitu kilimpendeza. Watoto wa kule walimpita mtu mzima bila kumwamkia. Kuna wakazi waliofunga mapazia wiki nzima, na hakuna aliyewabishia hodi kwa sababu kufunga pazia ni haki yao. Novemba ilipokuja, na jua kuzama saa tisa unusu alasiri, kuna Jumapili alizunguka uwanja mzima asione mtu hata mmoja nje, akahisi upweke uleule wa Masoko, isipokuwa huu ulikuwa na baridi.

Lakini kabla ya hapo, mwezi wa kumi, Kerstin aliteleza kwenye majani yaliyolowa akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali ilidhaniwa atapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Watu wakakaa duara, na safari hii hawakuchukua saa nzima. Ubao mwingine ukatundikwa mlangoni kwa Kerstin: nani analeta chakula, nani anamnyoosha miguu, nani anafua. Bi Warda alijiandikisha saa ya alfajiri, maana alikuwa macho kwa swala. Akishaswali, alivuka uwanja na chupa ya chai ya tangawizi, akamgeuza Kerstin ubavu, akampaka mafuta ya nazi mgongoni.

Ndani ya zamu hizo ndipo aliposhangaa. Kila Alhamisi alikuja mwanamke aitwaye Gunilla, mke wa Lennart, kumwosha Kerstin nywele. Alimkalisha kwenye kiti, akamwinamisha kichwa, akamwosha polepole huku wakicheka mambo yao. Bi Warda alidhani ni mtu na mdogo wake. Saida alipomweleza, aliweka kikombe chini.

"Lennart alikuwa mume wa Kerstin, Mama. Waliishi hapa hapa. Akamwacha akamwoa Gunilla, na Gunilla akahamia nyumba ya tatu kutoka hapa."

"Na wanakula meza moja?"

"Miaka yote hii."

Bi Warda alikaa na jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu alimchukua Saida, wakaenda kwa Kerstin, na akamwambia binti yake amuulize bibi yule aliwezaje. Saida aliona aibu kuuliza, lakini aliuliza. Kerstin hakukasirika. Alisema kwamba miaka kumi na moja hakumsemesha Gunilla ila mambo ya zamu. Akawa anakwenda kulala akijiuliza lini hasa lilianza, na kama walikuwa wakimcheka. Siku moja walipangiwa kung'oa viazi pamoja, wawili tu, akamuuliza.

"Na alimjibu nini?"

Saida alisikiliza, akasita. "Anasema alimjibu ukweli, na ukweli haukumfurahisha. Lakini alikuwa amechoka kujijibu mwenyewe."

Bi Warda alimwangalia mjukuu wake aliyelala mgongoni kwa Saida, akafumba macho kidogo, akasema waondoke bibi apumzike.

Kibali kiliisha mwezi wa kwanza. Kerstin alikuwa ameanza kutembea kwa gongo, akamsindikiza mpaka kwenye gari akiwa amevaa koti juu ya nguo ya kulalia. Walikumbatiana. Hawakuahidiana kuonana, kwa umri wao waliona si lazima.

Masoko ilimpokea kwa joto la kuchoma nyayo. Alifungua vyumba vyote sita, akafagia, akaanika magodoro uani. Wanawake wa jikoni walimletea masufuria na habari za harusi alizozikosa. Wiki mbili baadaye alimpigia simu Ridhiwani, mtoto mkubwa wa Binti, ambaye anafanya kazi bandarini Mtwara.

"Shikamoo, Mama Mkubwa," Ridhiwani alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshtuka.

"Marahaba. Mama yako yupo Sudi?"

"Yupo. Yuko peke yake tu pale."

"Mwambie ninakuja Alhamisi."

Alipanda basi hadi Lindi, akapata gari jingine, akafika Sudi baada ya adhuhuri. Binti alikuwa amemaliza kufagia uwanja. Alama za ufagio zilikuwa bado mpya. Ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, mdogo kwa Bi Warda kwa miaka minne. Alimpokea mfuko, akamwamkia shikamoo dada, akamtandikia mkeka ukumbini, akaleta maji ya kunywa na pweza wa nazi. Walikula. Waliulizana habari za watoto wote, mmoja mmoja.

"Binti," Bi Warda alisema. "Nimekuja kukuuliza jambo moja. Ukitaka kunijibu, nijibu. Siku ile, kwa nini nilipigiwa saa tano?"

Binti alianza kukusanya vyombo, akaviacha.

"Alikata roho kabla ya alfajiri," alisema. "Ridhiwani alikuwa hapa. Alitaka kukupigia saa ile ile. Nikamnyang'anya simu."

Bi Warda alisogeza vyombo kando.

"Miaka ishirini na mitano nilimpata nusu, dada. Akiwa hapa, mawazo yake yako kwenye ghala la Masoko. Nilijua ukipigiwa tu, msiba utakuwa wako, maana wewe ndiye mkubwa, na mimi nitakuwa mtu wa kuchota maji. Nilitaka asubuhi ile iwe yangu. Nikakaa naye pale, nikamshika mkono mpaka ukapoa. Sikukusudia usiwahi kumzika. Nilidhani watakusubiri. Wakubwa wakasema maiti haiwekwi." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Ndipo nilipoogopa. Nikaogopa mpaka leo."

Kwa miaka minne Bi Warda alikuwa amemjibia Binti majibu mengi: kwamba ni roho mbaya, kwamba ni urithi, kwamba ni jeuri. Hili halikuwamo. Alihisi hasira, na alikuwa na haki nayo. Lakini aliona pia chumba kile, na mwanamke yule amekaa na mkono ule. Alikumbuka kwamba hata yeye, katika miaka ishirini na mitano, hakuwahi kujiuliza Binti anakula na nani mzee anapokuwa Masoko.

"Nipeleke kaburini," alisema.

Walikwenda baada ya alasiri, wakaomba dua, wakang'oa majani. Gari la kurudi Lindi lilikuwa limeshaondoka, hivyo Bi Warda alilala pale, kwenye kitanda cha Ridhiwani.

Asubuhi alimkuta Binti akichoma vitumbua, akaketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi.

"Ninavyo vyumba sita," alisema. "Njoo ukae."

Binti aligeuza kitumbua kabla ya kujibu. "Nikae kwako kama nani?"

"Kama mwenye chumba. Utakuwa na mlango wako, ufunguo wako, jiko lako ukitaka. Siku nne tutakula pamoja kwa zamu, siku tatu kila mtu na lake. Ukifunga mlango, sitakuuliza umefunga kwa nini."

"Hayo ndiyo ya Ulaya?"

"Ndiyo. Kule wanakaa watu wasiojuana. Sisi angalau tunajuana."

Binti alicheka, kicheko kifupi cha puani, akasema ana mikorosho yake, hawezi. Bi Warda hakumshikilia. Alikula vitumbua vyake vitatu, akaaga.

Katikati ya mwezi wa Shaabani Binti alishuka kwenye basi Masoko akiwa na sanduku moja, godoro lililokunjwa na jogoo. Alisema amekuja kufunga Ramadhani tu. Alichagua kile kilichokuwa chumba cha magunia, kwa sababu kina mlango wa nje.

Mwezi huo huo alikuja pia mpangaji. Mwalimu Anjelina, Mkristo wa Masasi, alikuwa amehamishiwa shule moja ya msingi pale Masoko na binti zake wawili wadogo, na alikuwa akiishi kwenye chumba kimoja kinachovuja. Bi Warda alimpa vyumba viwili, akamwambia masharti: zamu ya kupika Jumatano, na Jumapili kikao baada ya alasiri. Anjelina aliuliza kikao cha nini. Bi Warda akasema cha kuambiana.

Mambo mengine aliyoyaleta kutoka Uswidi yalikubali, mengine yakakataa. Fundi alimwekea mabomba ya kukinga maji ya mvua kutoka bati zote mpaka kwenye tenki, na masika ilipopiga, hawakununua dumu hata moja kwa miezi mitatu. Shimo la mboji lilitoa mchicha na bamia za kugawa mtaani. Lakini alipomweleza fundi juu ya choo cha matundu mawili, fundi alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema atarudi kesho kupima, na hakurudi.

Vikao vya mwanzo vilikuwa vya Bi Warda peke yake. Alisema yeye, wengine wakaitikia. Jumapili ya saba, Idd imeshapita na Binti hajazungumzia kurudi, Bi Warda alipouliza kama kuna mwenye neno, Binti alisogeza mkeka wake mbele.

"Mimi ninalo. Lakini usinikatize."

"Sikukatizi."

"Dada, nyumba hii umeigeuza jiko la harusi. Binti kata hivi, Anjelina punguza moto, watoto simameni pale. Jumatano ni zamu ya mwalimu, lakini wewe ndiye unayeonja mchuzi. Siku yangu nilipika samaki wa ukwaju kama mama yangu alivyonifundisha, ukaja ukatia nazi nilipokwenda kuswali."

Bi Warda alifungua mdomo. Binti akanyanyua kidole. Anjelina alitazama chini, na ilikuwa wazi kwamba anakubaliana na kila neno.

Ilikuwa vigumu kuvumilia kuliko baridi ya Novemba. Wanawake wa Kilwa nzima walikuwa wamemsikiliza kwa miaka thelathini, na hakuna aliyemwambia kwamba anachosha. Alihesabu pumzi zake mpaka Binti akamaliza, kisha akanyamaza kidogo zaidi, kama alivyoona kule.

"Ile nazi," alisema mwishowe, "nilikosea."

"Na mchuzi wa mwalimu?"

"Na mchuzi wa mwalimu. Lakini ulikuwa hauna chumvi."

"Haukuwa na chumvi kweli," Anjelina alisema, na hapo ndipo wote watatu walipocheka.

Jumatano iliyofuata Bi Warda alichukua mkeka akaenda kukaa barazani kwa jirani tangu saa kumi mpaka alipoitwa kula, ili mikono yake isimshinde.

Msimu wa korosho ulipofika, Binti alirudi Sudi kuokota. Alifunga chumba chake, na ufunguo akamkabidhi Anjelina. Bi Warda aliliona hilo, likamchoma kidogo, akaliacha lipite. Baada ya wiki tatu simu ikalia.

"Dada, kuna Maimuna, mtoto wa marehemu kaka yangu," Binti alisema. "Ameachika, ana mtoto wa miezi mitano, hana pa kwenda. Nimemwambia chumba kimoja kipo."

"Chumba kipo," Bi Warda alisema. "Ila lazima tukae kwanza Jumapili."

"Tukae kwa lipi? Nyumba si yako?"

"Nyumba ni yangu, lakini si mimi peke yangu ninayelala humu. Siku hiyo upige simu, tutakuweka kwenye sauti kubwa."

Jumapili walikaa barazani, simu juu ya kibao katikati, sauti ya Binti ikija na kupotea kwa sababu ya mtandao wa Sudi. Anjelina aliuliza kama mtoto ni mliaji, maana yeye ana madaftari ya kusahihisha. Binti akasema analia kama watoto wote wanavyolia. Mtoto mkubwa wa Anjelina, mwenye miaka tisa, alinyoosha mkono, akauliza kama mtoto huyo ataruhusiwa kubebwa na mtu yeyote au na mama yake tu. Swali hilo lilijadiliwa kwa muda. Walikubaliana kwamba aulizwe Maimuna mwenyewe, na kwamba apewe chumba cha mwisho, kile kilicho mbali na cha mwalimu. Bi Warda hakusema chochote mpaka wote walipomaliza. Kisha akainuka kwenda kutafuta ufunguo, na Anjelina akamfuata na ufagio.